Darasa la Kihispania la jioni, Area C Dodoma

Ukitaka Kihispania hapa Dodoma, nenda darasa hili. Mwalimu haanzi na sarufi; anaanza na meli za watumwa zilizotia nanga Cartagena, Kolombia, na watoro waliojenga San Basilio de Palenque. Huko Kihispania kilikutana na Kikongo, lugha ya Kibantu kama Kiswahili, ikazaliwa Kipalenquero, lugha ambayo hadi leo wingi wake hutanguliwa na “ma”, kama maembe na mabati yetu. Darasa zima, Wagogo kwa Warangi, tulipiga makofi!

Kichavacano, lugha iliyotokana na Kihispania kukutana na lugha za wenyeji huko Zamboanga, Ufilipino, ambako Wahispania walijenga ngome mwaka 1635, alikipitia haraka mno. Nimemwomba akirudie. Ada inalipika, ila umeme ukikatika mnasomea tochi ya simu, na viti vya plastiki vinaumiza mgongo.