Lehemu ya bati na fedha kwa miguu ya waya ya ndege ya mfano: uzoefu wangu

Nimeitumia seti hii ya lehemu kwa miezi minane, tangu miguu ya ndege yangu ya mfano ya Piper J-3 Cub, yenye mabawa ya mita 1.8 na uzito unaokaribia kilo mbili na nusu, ilipoachia kwenye kiungo mara ya tatu nilipoitua. Ndani ya paketi mna koili ya lehemu ya bati iliyochanganywa na fedha kidogo, isiyo na risasi, pamoja na kichupa cha dawa ya asidi ya kusafishia chuma kabla ya kulehemu.

Awali nilitumia lehemu ya mafundi redio, ile yenye utomvu ndani yake, nikidhani kwamba lehemu zote ni moja. Utomvu huo unatosha kusafisha shaba, lakini hauwezi kuuandaa waya wa piano wa miguu hiyo, ambao ni chuma kigumu chenye kaboni nyingi. Kwa hiyo lehemu ilijikusanya matone matone kama maji juu ya jani la mgomba.

Safari hii niliusugua waya wa milimita 4 na ule wa milimita 3 kwa msasa mpaka zikang'aa, nikazifuta kwa spiriti, nikazifunga pamoja kwa waya mwembamba wa shaba uliobanwa mzunguko kwa mzunguko, kisha nikapaka dawa. Pasi ya kulehemu ya wati 40 ilishindwa, kwa kuwa waya mnene hunyonya joto upesi kuliko ncha ndogo inavyoweza kulileta. Ya wati 100 ilimaliza kazi kwa muda usiofika dakika moja, na lehemu ikapenya yenyewe katikati ya mizunguko ya shaba. Maelezo ya paketi yanaruhusu moto wa gesi, jambo ambalo simshauri mtu. Lehemu hii huyeyuka kwenye nyuzi 221 za Selsiasi, ilhali moto wa gesi ukikaa mahali pamoja hupita hapo mara moja, waya ukageuka buluu na kuanza kupoteza unyumbufu wake, na mguu unaopinda bila kurudi hauifai ndege.

Lawama yangu ni juu ya kichupa. Kifuniko hakikazi sawasawa, na mvuke wake ulilitafuna kwa kutu koleo jipya nililoliweka katika sanduku hilohilo. Kiungo chenyewe nacho lazima kioshwe kwa maji yenye soda ya kupikia papo hapo. Koili ni fupi kwa bei yake, ingawa kila kiungo hula sentimita chache tu.

Gurudumu la mkia nililiunga kwa lehemu yangu ya zamani ya redio, safari hii nikiwa nimepaka dawa hii kwanza, na mpaka leo limeshika. Dawa ikiuzwa peke yake, nitanunua hiyo na kuiacha koili.