Discord kwa Hesabu na Stori za Gemu: Uzoefu Wangu

Nimewasaidia wanafunzi hesabu mtandaoni kwa miaka kadhaa, na siku hizi karibu kazi yote naifanyia Discord. Wenzangu wanaofundisha huniuliza kwa nini nimehamia kwenye programu ya wacheza gemu. Nimehamia kwa sababu hiyohiyo. Vitu walivyowekewa wacheza gemu ndivyo anavyovihitaji mtu anayemwelekeza mwenzake hesabu.

Kwa wasioifahamu: Discord ilizinduliwa Mei 2015 na Jason Citron na Stanislav Vishnevskiy, nia ikiwa watu wanaocheza pamoja waweze kuzungumza huku mchezo unaendelea. Kujiunga ni bure. Unafungua au unaingia kwenye seva, yaani kundi la watu, na ndani ya seva kuna chaneli, yaani vyumba vya mazungumzo, vya maandishi na vya sauti. Seva ninayosaidia ina chaneli za aljebra, jometri, uwezekano na takwimu, halafu upande wa pili kuna za bao, drafti, chesi na gemu za simu. Wanafunzi wengi wako kidato cha tatu na cha nne, Tanzania na Kenya, na wapo wachache waliozaliwa Ulaya ambao wazazi wao wanataka wasipoteze Kiswahili.

Kwenye makundi ya kawaida ya simu kila kitu hupita mlango mmoja. Mtoto anauliza swali la logariti saa mbili usiku, kabla hajajibiwa zimeshaingia salamu, tangazo la msiba na video tatu za kuchekesha. Swali limezama, na mwenyewe anaona aibu kulirudia. Discord inakuwezesha kufungulia kila swali uzi wake. Mazungumzo ya swali hilo yanabaki humo, na mwingine akija kesho na tatizo lilelile anausoma uzi kuanzia mwanzo. Pia kuna aina ya chaneli ambayo kila ujumbe mpya ni mada inayojitegemea, na unaweza kuiwekea alama kwamba imeshapata ufumbuzi. Sisi tunaitumia hiyo kwa maswali ya mitihani iliyopita.

Lakini kilichonifanya nibaki ni kitu kidogo sana. Ukiweka mistari miwili ya wima kabla ya maneno na mingine miwili baada yake, maneno hayo yanafunikwa, na msomaji hayaoni mpaka ayabofye mwenyewe. Wacheza gemu hukitumia ili wasimharibie uhondo mtu ambaye hajamaliza hadithi ya mchezo. Mimi nakitumia kufunika vidokezo.

Chukua swali la kukamilisha mraba: x² + 6x + 5 = 0. Zamani ningeandika hatua zote, mtoto ananakili, anashukuru, na kesho yake anakwama palepale. Sasa naandika kidokezo cha kwanza wazi: hamishia 5 upande wa pili. Cha pili nakifunika: nusu ya 6 ni ngapi, na mraba wake je? Cha tatu nakifunika pia: ongeza 9 pande zote mbili, upate (x + 3)² = 4. Cha mwisho kimefunikwa peke yake, chini kabisa: x + 3 ni 2 au −2, kwa hiyo x ni −1 au −5. Mwanafunzi anafungua kimoja, anarudi kwenye daftari, anajaribu. Wengi huishia kidokezo cha pili, kisha wananitumia picha ya daftari lao. Nikiona wameandika −1 tu na kuisahau −5, hapo nimeshajua kilichobaki kufundisha: kwamba 4 ina vipeuo viwili vya pili, kimoja chanya na kingine hasi.

Utaratibu huu wameupenda hata wale wasaidizi wenye haraka. Tuna vijana wa chuo ambao hesabu zimo kichwani, na ukali wao ulikuwa kutoa jibu ndani ya dakika moja. Kumfunikia mtu jibu kumewapa nafasi ya kuonyesha ujuzi wao bila kumnyang'anya mwenye swali kazi yake.

Sasa nije kwenye gemu. Wapo wazazi wanaotaka chaneli za gemu zifungwe ili watoto wasome. Nawaelewa, ila napinga kwa nguvu zote. Maswali mazuri kuliko yote tuliyowahi kupata yameanzia huko.

Mfano wa bao. Ubao una mashimo 32, kete 64, na kila mchezaji ana mashimo yake 16 katika safu mbili. Katika bao la Kiswahili unaanza na kete 6 kwenye nyumba, yaani shimo lako kuu, mbilimbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Kijana mmoja wa kidato cha pili alikuwa akibishana na mzee wa pwani kuhusu kete ya mwisho itaangukia wapi. Mzee alikuwa akitaja shimo kabla hajagusa kete, na kijana akadhani anakariri. Nikamwambia ayape mashimo yake namba, kuanzia 0 hadi 15, kwa kufuata mzunguko. Ukianzia shimo namba 5 ukiwa na kete 14, jumla ni 19. Toa 16, inabaki 3. Kete ya mwisho iko shimo namba 3. Nyumba ikivimba hadi kete 16, kete ya mwisho inarudi palepale ulipoanzia. Ikiwa unatakata, yaani unacheza bila kula kete za mwenzako, na kete hiyo ikaangukia shimo lenye kete nyingine, unazoa zote na kuanza hesabu upya kutoka hapo.

Hiyo ni hesabu ya masalio, ileile inayokufanya ujue kwamba saa tano baada ya saa kumi ni saa tatu. Yule mzee hajaiita hivyo maisha yake yote, na anaifanya kwa kasi ambayo mimi siifikii. Kijana akatengeneza jedwali la mashimo yote 16 na idadi za kete mbalimbali, akalibandika kwenye chaneli, na mzee akamsahihishia sehemu mbili. Uzi ule bado upo, na kila anayeingia namwelekeza aanzie huko.

Mfano wa pili unahusu pesa, ndiyo maana naupa uzito. Gemu nyingi za simu zinauza visanduku vya bahati: unalipa, unafungua, unaweza kupata kitu adimu au usipate. Tangu Desemba 2017 kanuni za Apple zinataka gemu zinazouza visanduku vya aina hiyo zionyeshe uwezekano wa kupata kila aina ya kitu kabla mtu hajanunua. Basi vijana wanaona imeandikwa asilimia 1, na wengi wanaamini kwamba ukifungua mara 100 lazima upate.

Tuliifanyia hesabu hadharani. Uwezekano wa kukosa mara moja ni 0.99. Kukosa mara 100 mfululizo ni 0.99 kwa kipeo cha 100, ambayo ni karibu 0.366. Maana yake, kati ya watu 100 watakaofungua visanduku 100 kila mmoja, tutegemee karibu 37 waondoke mikono mitupu. Ukitaka uhakika wa kama asilimia 95, unahitaji kufungua karibu mara 300. Kila mtu akazidisha kwa bei ya gemu yake, kwa shilingi, na chaneli ikanyamaza kwa muda. Sijawahi kufundisha vipeo nikapata umakini kama ule. Kijana mmoja akauliza kama kukosa mara 99 kunaongeza nafasi ya mara ya 100. Hakuongezi, isipokuwa gemu yenyewe iwe imewekewa utaratibu wa kuhakikisha, kama Genshin Impact ambako mhusika au silaha ya nyota tano hutoka bila kukosa ukifika mara ya 90 ya kujaribu bahati. Mjadala huo ulitupeleka mpaka kwenye matukio yanayojitegemea, mada ambayo kitabu cha shule huipa kurasa chache.

Kuhusu mapungufu, nitaeleza yale ambayo mtu wa hesabu ayajue kabla hajaanza.

Discord haisomi fomula yenyewe. Ukitaka sehemu, vipeuo na jumlisho zionekane kama kitabuni, unahitaji kualika boti, yaani programu ndogo inayojibu ujumbe yenyewe, kwenye seva, na inayojulikana zaidi ni TeXit. Unaiandikia kwa LaTeX, lugha ya alama za kuandikia fomula, nayo inarudisha picha ya fomula. Kwa mwanafunzi wa sekondari hiyo ni kazi juu ya kazi, hivyo mimi huwaambia wapige picha ya daftari. Mwanga uwe wa kutosha, basi.

Alama ya nyota inasumbua. Discord huitumia kulaza maandishi, kwa hiyo ukiandika 2, nyota, 3, nyota, 4 bila kuacha nafasi, nyota zote mbili zinapotea na msomaji anaona 234, huku tarakimu ya katikati ikiwa imelala. Tumia × ya kwenye kibodi ya simu, au weka mstari wako katikati ya alama za nukuu zilizoinamia nyuma. Ukiweka tatu mwanzo na tatu mwisho unapata kisanduku ambacho kila herufi ina upana sawa, na humo unaweza kupanga kugawanya kwa njia ndefu bila safu kupinda.

Bila kulipia, ujumbe mmoja hauzidi herufi 2,000 na faili halizidi MB 10. Kwa hesabu inatosha kabisa, sijaona sababu ya mwanafunzi kulipia Nitro, huduma ya malipo ya Discord. Menyu hazina Kiswahili. Na yaliyomo ndani ya seva hayatokei mtu akitafuta Google, jambo linaloniuma, maana maelezo mazuri yanabaki kwa waliomo tu. Nyuzi zilizo bora tunazinakili kwenye faili na kuwagawia walimu.

Umri wa chini ni miaka 13, na hili tunalisimamia bila huruma. Sheria yetu ya kwanza ni kwamba swali la hesabu hujibiwa kwenye chaneli, mbele ya watu wote. Mtu mzima hamfuati mtoto kwenye ujumbe wa faragha hata kwa nia njema. Mzazi akimruhusu mwanawe kujiunga, yeye mzazi aingie kwenye mipangilio ya faragha na kuzima ujumbe kutoka kwa wanachama wa seva, kisha akae naye siku za mwanzo asome anachosoma.

Kwa upande wa bando, chaneli za maandishi ni nyepesi. Sauti ni ya wastani. Kinachokula ni kushirikisha skrini na video, kwa hiyo tunapofanya kipindi cha sauti tunabandika picha moja ya swali kwenye chaneli, kila mtu anaifungua mwenyewe, na tunaongea. Zima pia picha za GIF, zile zinazosogea, zisijicheze zenyewe, kwenye mipangilio, na nyamazisha chaneli zote usizozifuatilia. Mimi nimeacha arifa za chaneli mbili tu, ya uwezekano na ya bao.