Ryzen 5 5600: prosesa ninayoipendekeza kwa kompyuta ya gemu ya bei nafuu

Kama pesa yako ni ya kuhesabu, usiimalizie kwenye prosesa. Kadi ya picha ndiyo inayobeba gemu. Ndiyo maana naipenda Ryzen 5 5600 ya AMD. Ilitoka 2022, ina viini 6, inakaa kwenye soketi ya AM4 na kutumia ramu ya DDR4. Hata ubao mama wa B450 uliokwisha kutumika unaifaa, mradi BIOS, yaani programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, iwe imesasishwa. Hilo uliza kabla hujalipa, maana BIOS ikiwa ya zamani feni zitazunguka na skrini itabaki giza.

Feni yake imo ndani ya boksi. Ni ndogo, na gemu ikipamba moto utaisikia, lakini kwa prosesa ya wati 65 inatosha kabisa.

Kingine, 5600 haina picha za ndani, yaani sehemu yake yenyewe ya kutoa picha kwenye skrini: bila kadi huoni kitu. Ndugu yake 5600G inazo, ila kashe yake ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ni MB 16 badala ya 32, na inaishia PCIe 3.0, toleo la polepole zaidi la njia zinazounganisha prosesa na kadi ya picha. Ukiiunganisha na RX 6500 XT, kadi ya picha yenye njia 4 tu za PCIe, utapoteza fremu nyingi. Mwenye kadi asihangaike na G.

Ramu, chukua vijiti 2 vya GB 8, si kimoja cha 16. Nilipobadilisha hivyo, gemu iliacha kukwamakwama kila nilipogeuza kamera. Kwenye ubao wa nafasi 4, kwa kawaida vinakaa ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa.

Pawa saplai isiyo na jina, usiiguse.