Inchi moja ya wapi? Mwongozo wa kununua karatasi za pembesita

Ujumbe unaonifikia siku hizi karibu wote ni kilio kimoja. Dada, nilinunua pakiti ya pembesita, vile vipande vya karatasi vya kushonea viraka, nikashona mpaka zikaniishia, nikaagiza nyingine kwa muuzaji mwingine. Zote zimeandikwa inchi 1, na hazikutani. Mmoja yuko Muscat, alishafika nusu ya foronya ndipo akagundua. Mwingine wa Dar alidhani mkono wake ndio mbovu, akafumua kazi yote.

Usifumue, mama. Chukua rula kwanza.

Kwa aliyefika leo: hii ni kazi ya kuunganisha viraka kwa mkono juu ya karatasi, ili kupata foronya au mfarishi, ambayo Waingereza wameifanya kwa zaidi ya miaka 300. Unafunika kipande cha karatasi kwa kitambaa, unapiga bandi ili kitulie, unakutanisha vipande viwili uso kwa uso, unashona ukingoni kwa mishono midogo ya kuzungusha, kisha karatasi unaitoa. Hakuna cherehani. Unaweza kushona kwenye basi, hospitalini ukisubiri kuitwa, au ukimngoja mtoto atoke madrasa. Lakini kila kitu kinasimama juu ya karatasi hiyo: karatasi zikitofautiana, mishono mizuri haikuokoi. Ndiyo maana leo rangi za pakiti na visanduku vya bati sitavigusa. Nataka tupime.

Pembesita ina pande sita zilizo sawa, na washonaji huitaja kwa urefu wa upande mmoja. Inchi 1 maana yake upande wenye milimita 25.4. Ukipima kutoka upande hadi upande wa mkabala, unapata milimita 44. Kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, karibu 51. Sasa kuna wauzaji, hasa wa vifaa vya kadi na mapambo, wanaopima upana wote wa umbo na kuuita inchi 1. Pembesita ya namna hiyo upande wake haufiki hata milimita 15. Ni kidude cha kushikwa kwa kucha. Hiyo angalau utaiona kwa macho ukifungua bahasha.

Inayoumiza ni ile isiyoonekana. Wapo wanaokata upande wa sentimita 2.5 na kuandika inchi 1, kwa hoja kwamba ni karibu sawa. Karibu sawa ni milimita 0.4 kwa upande. Upana wa kipande unapungua milimita 0.7, na ukiviweka 30 katika mstari mmoja, mstari huo ni mfupi kwa sentimita 2 kuliko wenzake. Utavuta, utanyoosha, utapiga pasi, na katikati ya mfarishi patabaki pamevimba tu. Niliwahi kumwandikia muuzaji mmoja wa mtandaoni nikimwuliza inchi yake inapimwa wapi. Akajibu kwamba inchi ni inchi, madam.

Haya, mpangilio wangu.

Namba moja ni Paper Pieces, kampuni ya Marekani, na sitajifanya sina upendeleo. Wanapima kwa upande, wanakata kwa mashine, na pakiti ya leo inakutana na ya mwaka juzi. Karatasi yao ni nene kiasi: kitambaa kinakunjika juu yake kwa mstari mkali, lakini sindano ikiigusa kwa bahati mbaya unahisi na kurudi nyuma. Ukizitoa taratibu unazitumia tena mara kadhaa. Kero ni bei, na zaidi ya bei, posta. Mtu wa Mombasa akiagiza pakiti moja anaweza kulipia usafirishaji zaidi ya mzigo wenyewe. Agizeni kwa pamoja, watu wanne watano, au mtumieni anayesafiri. Ni karatasi, hazivunjiki.

Hapa niseme jambo linalonikera. Uingereza kuna shuka la hariri la viraka lenye tarehe ya 1718, limehifadhiwa na chama cha washonaji kiitwacho Quilters' Guild. Limeshonwa kwa njia hiihii, juu ya karatasi. Wanawake wa zamani walikata barua kuukuu, risiti, kurasa za daftari za hesabu, chochote kilichokwisha kazi. Leo tunauziwa karatasi nyeupe kwa idadi, kama vitumbua, na tunaambiwa hatuwezi kuanza bila kisanduku chenye mkasi wa umbo la ndege. Bei ikipanda, sawa, kila kitu kimepanda. Lakini basi andikeni upande mmoja una milimita ngapi! Ni wino wa tarakimu mbili tatu.

Namba mbili, na kwa walio nyumbani huenda ndiyo namba moja, ni kukata mwenyewe kwenye manila ya shule. Nunua kiolezo kimoja cha akriliki chenye kipimo kilichoandikwa, chora kwa penseli iliyochongwa vizuri, kata ndani ya mstari, siyo juu yake. Angalia tu unene: karatasi ya kawaida ya printa, ile ya gramu 80, ni laini mno, pembe zinajikunja chini ya kitambaa. Ya gramu 160 hivi inafaa. Ubaya wa njia hii ni uchovu. Mfarishi wa kitanda cha watu wawili kwa inchi 1 unakula vipande zaidi ya 3,000, na mkono uliochoka unakata ovyo. Kwa foronya ya sentimita 40 kwa 40 unahitaji mia moja na ushee tu. Anza na hiyo.

Namba tatu ni kuprinti. Ni nafuu na ni sahihi, isipokuwa kwa mtego mmoja. Michoro mingi ya bure imetengenezwa kwa karatasi ya Kimarekani, ambayo ni pana kidogo kuliko A4 yetu. Mwenye steshenari akiacha mashine ienezee mchoro kwenye ukurasa, unapunguzwa hadi kama asilimia 97, na hapo inchi yako imeshaliwa. Mwambie aweke asilimia 100, kisha pima karatasi ya kwanza mkiwa bado dukani, kabla hajatoa nyingine 20.

Panchi za mkono zile za kubonyeza naziweka nne. Nyingi ni zile zinazopimwa kwa upana wote niliousema, na nyingine zinagoma kwenye manila nene. Za plastiki za kutumia milele ziko mwisho: zinateleza ndani ya kitambaa, na nyingine zikikutana na pasi ya moto zinajikunja. Pakiti za bei chee zisizo na jina: nunua moja, pima, uamue.

Uzi na sindano nitapita haraka. Uzi uwe mwembamba ili uzame. Aurifil ya pamba namba 50 ni tamu mkononi. Gütermann ya poliesta ni rahisi kupatikana na haikatiki ovyo, ila inaonekana zaidi. Rangi ya kijivu inajificha karibu kila mahali. Sindano chukua John James, zile ndefu za washona kofia, namba 10. Namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba. Tundu lake halina uvimbe, linapita na mwili wake pamoja. Ukishika kitenge kizito utaelewa kwa nini nasisitiza, na usisahau subana. Gundi ya kalamu badala ya kupiga bandi? Sewline ni nzuri, lakini paka kidogo sana, la sivyo karatasi inachanika wakati wa kuitoa. Kwenye joto la Dar au Muscat iwekeni kwenye friji, inayeyuka.

Kitambaa, mabaki ya fundi yanatosha, lakini chomoa nyuzi mbili tatu uziunguze. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu. Poliesta inayeyuka, inabaki kijidonge kigumu, na hiyo haishiki mkunjo hata uipigie pasi mchana kutwa. Kila kitenge kifuliwe kabla, hasa chekundu na buluu ya kukoza, maana kikitoa rangi ndani ya mfarishi uliomaliza hakuna dawa.

Na maua ya kitenge ni makubwa. Ndani ya inchi 1 unapata jicho la tausi bila tausi. Kwa kitenge nunueni karatasi za inchi 1 na nusu au 2. Inchi 1 iachieni khanga: kitambaa chake chepesi kinakunjika vizuri kwenye pembe, na nukta za pindo zinakaa ndani bila kukatwa. Kipande cha mraba wa inchi 2 na nusu kinatosha kufunika kimoja, kwa hiyo hata khanga iliyochanika katikati bado ina pindo zima la kukupa.