TAHADHARI: Tovuti za kuigiza na "mawakala" wa eTA ya Kenya

Ndugu zangu mlio Ulaya, Marekani na Uarabuni, hasa mnaojiandaa kuja nyumbani likizo na watoto wenye pasipoti za kigeni, tafadhali someni hapa kabla hamjaingiza namba ya kadi popote.

Tovuti ya serikali ya kuombea eTA ya Kenya, yaani kibali cha kielektroniki cha kuingia nchini, ni etakenya.go.ke. Ada yake ni dola 30 kwa mtu, na juu yake kuna makato madogo ya malipo. Ukikuta bei inaanzia dola 80 au 100, ujue hapo hauko serikalini, hata kama ngao ya taifa imewekwa juu ya ukurasa na bendera inapepea.

Nayasema haya kwa sababu yamempata kaka yangu aliye Ujerumani. Yeye ana pasipoti ya Kenya, kwa hiyo hahitaji eTA. Mkewe na watoto wana za Kijerumani. Wifi yangu akatafuta kwenye simu, na tovuti iliyotokea juu kabisa ilikuwa tangazo la kulipiwa. Anwani ina neno Kenya, ina neno eta, lakini inaishia na .com. Akatozwa dola 95 kwa kila kichwa, mpaka mtoto wa kunyonya. (Mtoto mchanga kweli anatakiwa kuwa na eTA yake, hapo hawakudanganya.) Siku chache baadaye karatasi zikaja kwa barua pepe, kila mtu akatulia.

Mambo yakaharibika kwenye kaunta ya ndege, Frankfurt. Eti namba ya pasipoti ya mtoto wa pili haifanani na iliyo kwenye eTA, tarakimu moja imekosewa. Wifi alituma picha ya pasipoti iliyo wazi kabisa. Aliyekosea ni huyo mtu wa kati aliyekaa mahali fulani akinakili taarifa za watu kwenda kwenye tovuti ya serikali na kuweka mfukoni zaidi ya dola 60 kwa kila mmoja. Shirika la ndege halikumpandisha mtoto. Mama akabaki naye, wengine wakatangulia, tiketi mpya zikanunuliwa kwa bei ya siku hiyohiyo. Ile tovuti haikujibu barua hata moja, na namba ya simu waliyoweka haipokelewi. Jina lao silitaji kwa sababu watalibadilisha na wengine wataibuka. Shikeni anwani iliyo sahihi, hiyo haibadiliki. Mwisho wa .go.ke hupewa taasisi za serikali ya Kenya tu. Tapeli anaweza kununua .com au .org kwa pesa kidogo, ile hawezi.

Na hao waliomtoza wifi angalau waliomba kweli. Wapo wanaokutengenezea PDF yenye msimbo wa QR, na ombi lako halijawahi kufika Uhamiaji. Utaligundua hilo uwanja wa ndege. Zaidi ya pesa, umeshawaachia picha ya pasipoti, uso wako, anwani utakakofikia na tarehe ambazo nyumba yako itakuwa tupu.

Kundi la tatu ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linawala ndugu zetu wa jirani. Kuna mawakala kwenye makundi ya WhatsApp wanaowaambia Watanzania, Waganda, Wanyarwanda, Warundi na Wakongo kwamba bila eTA watarudishwa mpakani. Huo ni uongo mtupu. Raia wa nchi hizo wanaingia Kenya bila eTA. Zaidi ya hapo, mwaka 2025 Kenya iliwaondolea sharti hilo raia wa nchi za Afrika karibu zote, isipokuwa Libya na Somalia kwa sababu za usalama. Mtu anayekwenda Mombasa kwenye harusi akitokea Tanga kwa basi anadaiwa pesa ya kitu ambacho hakimhusu! Mkimwona wakala wa namna hiyo kwenye kundi lenu, mtoeni.

Mkanganyiko huu una chanzo. Desemba 2023 ilitangazwa kwamba visa ya Kenya imefutwa kwa wote, na Januari 2024 eTA ikaanza. Wengi walisikia nusu ya kwanza tu. Wakija kuambiwa karibu na safari kwamba kuna kibali, wanaingiwa na hofu, wanabofya kitu cha kwanza wanachokiona. Matapeli wanaishi kwa haraka hiyo.

Kuomba mwenyewe si kazi ngumu. Andaa pasipoti yenye angalau miezi 6 mbele yake, picha ya uso, tiketi na mahali utakapofikia. Andika anwani ya tovuti kwa mkono wako badala ya kuitafuta. Omba mapema, usingoje siku tatu za mwisho, kisha karatasi ikitoka linganisha kila herufi na kila tarakimu na pasipoti, za watoto kwanza.

Aliyekwisha kulipa kwenye tovuti ya kuigiza apige simu benki leo, apinge malipo na aombe kadi mpya, kisha atume ombi jipya kwenye tovuti ya serikali bila kusubiri kurudishiwa pesa. Aliyetuma kwa M-Pesa apige simu kwa mtandao wake mara moja, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala hairudi kirahisi. Hifadhini skrinshoti, stakabadhi na namba za simu walizotumia, mzipeleke polisi. Na kama kuna jina la tovuti mnalolitilia shaka, liwekeni hapa chini, tuliangalie pamoja kabla mtu hajalipa.