TAHADHARI: Kuna jamaa anapokea baiskeli za zamani "kurudisha rangi", anaziharibu na kuiba vifaa

Wadau habari zenu, naomba msome mpaka mwisho hasa nyie wenye Raleigh, Humber, Phoenix au Hero za wazee, ziwe stoo au bado zinatembea. Kuna jamaa anajitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook eti anasafisha fremu za zamani na kurudisha rangi yake ya kiwandani. Anasema yuko Dar, wewe wa mkoani unapakia baiskeli kwenye basi, yeye anaipokea stendi, na nusu ya hela unatuma kwa simu kabla hajagusa chochote. Jina silitaji maana anabadilisha majina na laini kila siku, ila staili yake ni ileile na ndo nataka muijue.

Aliyelizwa ni baba yangu mdogo, yuko Tanga, ana Raleigh nyeusi ya breki za vyuma aliyoachiwa na babu. Si mnajua hewa ya bahari, madigadi na rimu zilishaanza kuliwa na kutu, lakini fremu yenyewe rangi yake ilikuwepo, mistari ya dhahabu unaiona, na pale mbele kuna ile nembo ya chuma yenye kichwa cha ndege wa shingo ndefu na maandishi Nottingham England. Mzee alichotaka ni kusafishiwa tu, wala hakuomba rangi mpya, na alimwambia hivyo kwa simu nikiwa nasikia. Jamaa akajibu "usijali mzee wangu, itarudi kama ilivyotoka Uingereza".

Ilirudi inang'aa kweli, majirani wakaja kuiangalia. Masika hata hayajaisha rangi ikaanza kufanya malengelenge. Nikapitisha kucha kwenye bomba la chini linalotoka kwenye pedali kwenda tairi la nyuma, rangi ikabanduka kama ganda la yai, chini yake fila ya magari, ile wanayozibia bodi zilizobonyea, nene karibu ya kidole. Nikachokonoa na bisibisi, ndani ya fila kuna karatasi ya pakiti ya sigara imekunjwakunjwa na kushindiliwa, na nyuma ya karatasi tundu ambalo kidole changu kidogo kinaingia. Yaani alikuta fremu imetoboka kwa kutu, akaona kabisa, akaziba na karatasi akapulizia rangi nyeusi juu, na alijua fika kwamba mzee anapakia wajukuu kwenye karia kuwapeleka shule!! Hili ndo limenifanya niandike, hela inatafutwa ila bomba lile likikatika barabarani na mtoto yuko nyuma utamwambia nini mama yake.

Na hapo pedali huwa panaoza kwa sababu maji yanaingia kwenye bomba la kiti, yanashuka mpaka chini na kutuama, kwahiyo kutu inakula kutokea ndani kuja nje na rangi ya juu haisaidii kitu. Tundu kama lile dawa yake ni kukata na kuchomelewa kipande na mtu anayejua kuchomelea bomba jembamba, au kuachana na hiyo fremu.

Sasa tulipoanza kuikagua vizuri ndo tukagundua mengine. Ile nembo hamna, kabandika stika ya plastiki. Siti ya ngozi ya Brooks imeondoka, kaweka ya sponji. Sahani ya meno ya mbele, ile ya Raleigh ambayo kwa ndani imekatwa umbo la wale ndege, nayo kabadilisha kaweka ya kawaida kabisa. Vitu hivi vinatafutwa sana na wanaokusanya baiskeli za zamani huko nje, na nahisi biashara yake kubwa iko hapo, rangi ni chambo tu. Na namba iliyogongwa kwenye fremu imesagwa na msasa mpaka haisomeki, kwahiyo leo mzee hata akikamatwa hana pa kuonyesha kwamba baiskeli ni yake. Huyohuyo anauza pia fremu "zilizorudishwa" tayari, sasa jiulizeni hizo namba zake ziko wapi.

Nyeusi ya kiwandani kwenye baiskeli zile ilikuwa inaokwa kwenye oveni, na chini yake chuma kilishapitishwa kwenye dawa ya fosfeti ya kuzuia kutu. Mtu akishapiga msasa mpaka chuma cheupe hiyo kinga imekwenda, hairudi kwa kopo la kupuliza. Kwahiyo ukisikia fundi anaanza na msasa mkavu na thina kabla hata hajaosha, chukua baiskeli yako uondoke.

Kusafisha kwenyewe unaweza kufanya nyumbani. Grisi iliyoganda ilainishe na mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, ila usiguse maandishi wala mistari ya dhahabu, kule ni maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo tu, tena bila kusugua kwa nguvu, na ujaribu kwanza sehemu isiyoonekana. Kwenye kromu yenye kutu chukua foili, ilowanishe maji, sugua taratibu inatoka vizuri. Rangi iliyofifia pakaa kompaundi ya kupolishia magari kwa mkono, sio mashine, halafu malizia na waksi. Kuna wanaotumia asidi ya oksaliki kutoa kutu na kweli inafanya kazi ikiwa imezimuliwa, lakini ni sumu, vaa glavu, weka mbali na watoto, na suuza na maji mengi. Asidi ya betri hapana kabisa jamani, jamaa huyu anaiuza kwenye chupa za maji anaiita dawa ya kutu, ikibaki ndani ya bomba inaendelea kula chuma.

Kama unataka kununua fremu iliyopakwa upya nenda na sumaku, hata ya spika mbovu inatosha, ipitishe kwenye mabomba yote na hasa maungio ya chini ya pedali na ya mbele karibu na usukani. Ikishika kwa nguvu huku na kule ikateleza au ikalegea, hapo kuna fila. Gonga na sarafu pia, fila inatoa sauti butu. Halafu geuza baiskeli juu chini uangalie chini ya pedali, maana hapo mafundi wengi hawahangaiki kupaka vizuri. Namba ikiwa haisomeki usinunue hata akupe kwa bei ya chai.

Picha zake za kabla na baada nazo sio zake, nimezitafuta mtandaoni nikazikuta kwenye kurasa za watu wa Ulaya. Mwombe akupigie video akiwa na baiskeli mkononi, atakwambia bando limeisha. Baba mdogo alipompigia kulalamika akaambiwa jua la Tanga ndo limeharibu rangi, atume elfu hamsini irekebishwe, alivyokataa akablokiwa.

Tumeshafungua jalada polisi, na namba zake nimezituma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu, na nyie mkipata ujumbe wake fanyeni hivyohivyo.

Ombi langu kwa mafundi na wauza spea wa Dar: ile siti ni ya ngozi ya kahawia iliyokolea, upande wa kushoto kwa chini ina mshono wa uzi wa kijani babu aliushona mwenyewe, na nembo imepinda kona ya juu. Mkiletewa nijulisheni inboksi, mzee yuko tayari kuvinunua tena.