Chandarua cha duara kwenye kitanda cha sita kwa sita

Chakula kizuri, mto Rufiji uko mbele ya hema, viboko wanaguna usiku kucha. Kwa hayo kambi hii iliyo kando ya Hifadhi ya Nyerere ilistahili nyota nne. Lakini kile chandarua!

Kitanda ni futi sita kwa sita, wamekitundikia chandarua cha duara cha ndoano moja. Ukikivuta kifunike upana wote kinakubana: goti na kiwiko vinagusa wavu, na mbu anakuuma akiwa nje. Tena kilikuwa kifupi, upande wa miguuni kiliishia vidole vinne juu ya godoro, hakichomekeki. Kitanda hicho kinataka cha pembe nne, chenye kitambaa cha ziada cha kuchomekea pande zote. Karibu na mshono palikuwa na tundu la kupita kidole gumba. Nikaomba sindano na uzi tu. Meneja, macho kwenye simu: "Msimu huu hakuna mbu, dada." Rufiji hakuna mbu! Mto ukipungua unaacha madimbwi kandokando, na wiki moja hadi mbili zinatosha yai kuwa mbu kamili.

Zipu ya hema nayo haikufunga chini, nikaziba kwa taulo lililokunjwa. Nyavu za madirisha zilikuwa nzima, niseme haki.

Mkienda, bebeni chandarua chenu cha pembe nne chenye dawa, kamba mita mbili kwa kila kona, sindano na uzi. Kichomekeeni kabla giza halijaingia. Mafuta ya kukinga jua yatangulie, yakikauka ndipo mpake dawa ya mbu, yenye DEET (kemikali ya kufukuza mbu) asilimia 20 hadi 30. Msisahau vifundo na nyayo: mbu wa malaria hupenda kuuma chini, mtu akiwa ameketi. Pemetrini, dawa ya kuua wadudu, ni ya nguo, kamwe si ya ngozi. Mchana kuna mbung'o. Hao huuma hata juu ya nguo na dawa ya kupaka haiwazuii sana, kwa hiyo nguo za bluu na nyeusi, rangi zinazowavuta, ziacheni nyumbani.

Nilitaka kuwapa nyota mbili. Hapana, moja, na hiyo ni ya dereva, aliyenitolea chandarua chake mwenyewe kutoka chumba cha wafanyakazi. Kilikuwa cha pembe nne.